Kengele ya Mama na Miguu ya Kipkosgei

Nyumbani kwa Mama,
Kabianga, Kericho.
9 Agosti 2025

Mpendwa kaka yangu Kiptanui,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako mvua haijatupumzisha wiki nzima. U hali gani huko Kanada? Judy na watoto ni wazima? Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tuko salama, na Mama anakula vizuri ingawa anachechemea. Nimekuandikia karatasi na kumpa jirani yetu Marcella, anayesafiri kuja huko, aje nayo, kwa sababu kwenye grupu ya familia mdogo wetu Kipkosgei anasoma kila kitu.

Uliniuliza kama kweli Mama anahitaji ile kengele uliyotuma, ya kuvaa shingoni na kubonyeza akizidiwa. Najua Kipkosgei alikuambia Mama ana nguvu kuliko sisi. Kengele yenyewe aliiacha ndani ya kartoni juu ya kabati miezi minne. Sasa nikueleze alichokuficha.

Mwezi uliopita Mama alianguka bandani akikamua. Alilala kwenye matope, maziwa yamemwagika, akimwita Kipkosgei kwa jina tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nyumba ya huyo ndugu yetu ni hatua thelathini kutoka hapo. Aliyemwinua ni Onsongo, yule anayekusanya maziwa kwa pikipiki, alipofika saa tatu.

Nilipokuja kutoka kwangu Siongiroi nilimuuliza Kipkosgei kama hakusikia. Unajua alinijibu nini? "Nilisikia, lakini si nilidhani ananiita nikatie ng'ombe majani ya napier." Kitinda mimba wetu, ambaye kwa desturi ndiye atakayebaki na nyumba ya Mama, alisikia mama yake akilia akajifunika blanketi! Kaka, nilimchukia. Nilitamani naye alale kwenye matope yale yale, aite watu wasije.

Basi nikaitoa kengele kwenye kartoni, nikaiunganisha, nikaweka namba ya simu ya Kipkosgei iwe ya kwanza kupigiwa na yangu ya pili. Maagizo yanasema ijaribiwe mara kwa mara, nami nikaijaribu kweli kweli. Nilibonyeza akiwa kwa kinyozi, akaja mbio amenyolewa upande mmoja. Nilibonyeza akiwa na marafiki zake wanatazama mpira. Siku nyingine nilibonyeza akiwa shambani anachuma chai, akafika na kiatu kimoja, anahema. Kila mara ananikuta nimeketi mlangoni na chai yangu, namwambia, "Ni majaribio tu. Lakini umechelewa." Sikuona haya hata kidogo. Nilikuwa naamka asubuhi nikipanga leo nitambonyezea saa ngapi.

Mama ndiye aliyenizuia. "Wee Chepngetich, ukimchokesha huyu, siku yangu ikifika hatakuja." Akaivaa na kunikataza kuigusa. Niliiacha, lakini moyoni nikasema sawa, na asije, watu wamjue.

Jumanne nilikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, nimepanga foleni na kikapu, simu yangu ikalia. Ilikuwa ile kengele. Haipigi namba ya pili mpaka ya kwanza ikose kushikwa, kwa hiyo nilijua Kipkosgei amepuuza tena. Niliacha majani hapo hapo nikakimbia, na njia nzima nilikuwa namtungia maneno. Nilipanga kuyasema mbele ya wazee wa boma na mbele ya kanisa, asipate pa kuficha uso.

Niliwakuta jikoni. Mama alikuwa ameteleza akajigonga kichwa kwenye meko. Kipkosgei alikuwa ameketi sakafuni, amempakata, anambana damu kwa shati alilovua mwenyewe. Hakushika simu kwa sababu ilipolia tu na akaona ni kengele, alianza kukimbia, ikamponyoka shambani katikati ya michai. Mpaka leo hajaipata.

Mama ameshonwa nyuzi tano na yuko sawa. Kwa hiyo swali lako nimelijibu, kengele anaihitaji na isitoke shingoni mwake. Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliposimama pale mlangoni nikaona Mama yu hai, na aliyemwahi ni Kipkosgei, sikushukuru. Niliumia kwamba alikuwa amekuja.

Kesho narudi Siongiroi. Namba ya kwanza imebaki ni ya Kipkosgei. Nitamnunulia simu nyingine mimi mwenyewe kabla sijaondoka, na sitamweleza kwa nini.

Nisalimie Judy na watoto wote. Mama anasema Mungu akulinde uendako na akurudishe ukiwa na meno yako yote. Nawe niombee, maana bado sijamsamehe.

Ni mimi dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Chepngetich