Nguvu za Muuza Mikate

Jumapili. Upepo wa kiangazi umeleta vumbi hadi ndani ya sufuria, nami sina hamu ya kula.

Tangu mke wangu afariki, kazi yangu ya Jumapili ni moja: kukaa barazani na kuwasomea majirani vitabu vya picha vya Kifaransa, nikivigeuza kuwa Kiswahili. Wanapenda mashujaa. Siku nyingine mimi ni fundi cherehani tu, lakini Jumapili baraza hujaa.

Mwezi uliopita kikohozi kilinikausha sauti kabisa. Tulikuwa katikati ya kisa cha shujaa anayesimamisha treni kwa mkono mmoja, ambaye nguvu zake zimemhamia muuza mikate kwa muda. Jirani yangu Mama Mbuyi, mke wa karani wa reli, akachukua kitabu na kusoma badala yangu.

Nikaona wivu. Naandika hivyo hivyo, maana hakuna wa kunisoma.

Kitabu hicho hakina mwisho. Kurasa zake za mwisho zilifungiwa karanga sokoni. Barazani kwangu, msomaji ndiye anayebuni kilichobaki. Mimi ningemrudishia shujaa nguvu zake upesi. Mama Mbuyi hakumrudishia. Kila Jumapili muuza mikate alibeba maji ya mtaa mzima, au alimnyanyua mwanajeshi mlevi kwa kola na kumpeleka kwa mkewe. Watu walicheka hadi machozi. Mimi nilikaa pembeni nikisukutua koo kwa maji ya chumvi, nikiomba sauti irudi nichukue changu.

Ikarudi Jumatano.

Alhamisi Mama Mbuyi alikuja na kitabu. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, hata waliozaliwa huku kwetu kama yeye, wameambiwa waondoke, na mumewe alikuwa tayari stesheni akitafuta nafasi kwenye behewa.

"Papa Ngoy, kamata kitabu yako," aliniambia. "Banasema nirudie kwetu. Kasai miye sijafikaka hata siku moja."

Nilimbebea godoro hadi stesheni.

Leo walikuja wachache. Nikasoma kwa sauti nzima, nikamrudishia shujaa nguvu zake kama nilivyotaka tangu mwanzo. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliuliza, "Na ule wa mikate, iko wapi?"

Nilifunga kitabu, wakaenda zao.

Sauti ninayo. Ningeulizwa, ningekubali kubaki bubu ili Mama Mbuyi abaki hapa. Hakuna aliyeniuliza.