Wembe Yako Itabaki Beni

Beni, jumamosi, siku ya posho

Papa yangu,

Nakuamkia na heshima yote. Muko namna gani hapo Butembo? Mugongo ingali inakuuma ukisimama mingi mu saluni? Na Paluku wangu, anakula? Anauliza juu yangu, ao ameisha kuzoea? Usinifiche. Nilikuachia mutoto kwa posho mbili tu, siku kumi na ine, na sasa mahindi imevunwa, ingine imepandwa.

Sisi huku tuko. Katoto nilikokuja nako kameota meno mbili. Bwana yangu angali kule kwenye zahabu, simu yake hapana kupita.

Siku ile uliniuliza mu simu: "Kavira, nani amekufunga kamba?" Nilinyamaza juu mama-mukwe alikuwa pembeni. Donc leo nakujibu. Ni wembe yako njo imenifunga.

Unajua muzee, baba ya bwana yangu, tangu ugonjwa ilipoua upande wake wa kushoto, hawezi kujinyoa. Naye ni shemasi, hapana kwenda kanisani na ndevu. Nyembe za dukani zilimujaza vipele. Nilipofika nilimunyoa mara moja na wembe yako niliyokuja nayo, vile ulinifundisha: kitambaa ya maji ya moto mpaka ndevu zilegee, kisha sabuni, ngozi nivute na kidole, wembe ilale karibu na ngozi bila kukandamiza. Lile shavu lake la kushoto limelegea kama mufuko. Usipolivuta, unakata mutu. Akajipapasa, akacheka na upande moja ya kinywa. Tangu pale, nikiomba ruhusa, mama-mukwe anasema: "Uende, na nani atanyoa muzee? Mungu njo alikuleta."

Basi nikaanza kumufundisha Kahindo, dada mudogo ya bwana yangu. Lakini yule! Siku ya kwanza alichukua mukanda ya ngozi ya kunolea wembe, akasukuma wembe makali mbele, sawa vile tunanoa kisu ya kukatia mboga ya lengalenga kwenye jiwe. Akapasua mukanda yako. Nililia, Papa.

"Eh, unalilia ngozi ya ngombe?"

"Mugongo ya wembe itangulie, Kahindo! Makali ifuate nyuma. Hii hapana jiwe."

"Ninyi batu ya Butembo, hata wembe munaitembeza kinyumenyume."

Nilishona mukanda, tukaanza upya. Alijifunzia juu ya mukono yangu mpaka ikabaki bila hata unywele. Nikamuambia asikilize: wembe nzuri inalia kama karatasi inayopasuka polepole, ikinyamaza, rudi kuinoa kwenye mukanda. Siku ya kazi tatu, katikati ya posho, alimunyoa muzee yeye peke yake. Nilisimama mulangoni na katoto mugongoni, na niliisikia ile karatasi mpaka mwisho.

Muzee akajipapasa. Akasema: "Bado. Inakwaruza. Kavira arudilie."

Nikapeleka mukono, shavu hili na lile, toka chini kwenda juu. Laini, Papa, kama ya katoto. Nikamuangalia, akakimbiza macho. Kumbe hapana ndevu. Mu nyumba hii kila mutu anamuwekea sahani na kuondoka. Ni mimi tu ninamushika uso.

Nilimuhurumia sana. Mais nikasema, mama-mukwe akisikia: "Muzee, umenyolewa vizuri. Siku gari zitapita na basoda ya kuzilinda mu barabara, ninaenda kuona mutoto wangu."

Akageukia ukuta. Mama-mukwe akauliza: "Na wembe?"

Papa, wembe yako itabaki Beni. Najua ilikuwa ya baba yako. Hapana kunikasirikia. Nitafika mikono mitupu, siku barabara itafunguka. Tangu juzi hakuna gari hata moja.

Salimia mama mudogo anayenilelea Paluku, na kaka yangu wa kule Kirumba akishuka na viazi. Nywele ya Paluku usiinyoe. Nataka niikute vile imeota.

Sasa hivi muzee ananiita, kesho ni yenga, siku ya kanisa. "Kavira! Kavira!" Kahindo amebeba maji ya moto, ameingia. Mimi sijasimama. Anaita tena. Sasa amenyamaza, na ninaisikia karatasi.

Wasingya, aksanti sana, Papa.

Binti yako,
Kavira