Tatu Zimekwenda Wapi?

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Nyuma ya Kinu cha Kusaga,
Jumapili, mwezi wa tisa.

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U mzima? Kile kifua kimekuachia? Sisi hatujambo. Baba yako mguu bado unamvuta, lakini mdomo wake haujaugua hata siku moja. Cherehani inakula uzi, naitukana, tunaendelea.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nimesimama. Unasema niache kumfundisha mwanao Kisulisuli hesabu kwa kuwa mimi niliishia darasa la pili, na mwisho wa mwezi nimpeleke kwa dada yako akafundishwe na waliosoma. Nimekusikia. Haendi.

Tulia nikueleze, maana najua umepata habari nusu. Mimi na mke mwenzangu huyu tunafanya hesabu kwa vifungo, jioni nikishafunga kazi. Kujumlisha hakumsumbui: vinne vya shati, vitatu vya suruali, anavikokota mezani, saba. Kutoa ndiko kulikotuponza. Mimi sijawahi kumtoa mtoto kifungo mkononi bila kumwambia kinakokwenda. Saba, toa vitatu, hivyo vitatu vinashonwa kwenye gauni la jirani. Vimebaki vinne. Hata wewe nilikufundisha hivyohivyo, na hukufa.

Basi mwalimu wake akaandika ubaoni saba kutoa tatu, akamwita. Mwanao akasimama na chaki yake, akauliza, “Tatu zimekwenda wapi, mwalimu?” Darasa zima kicheko. Mwalimu akasema hazijaenda popote, zimetolewa tu. Naye, kichwa kigumu kama mama yake, akajibu kwamba kama hazijaenda popote basi zipo. Akaandika saba.

Nikaitwa. Mwalimu si mtu mbaya, sauti imemkauka tu kwa watoto waliojaa mle ndani kama siafu. Alitaka mtoto arudishwe chekechea. Nikamwambia hiyo tabia ya vifungo nitainyoosha mwenyewe, lakini mjukuu wangu harudi nyuma kwa sababu ya kuuliza. Tukabishana hadi kengele ikalia. Mwisho akakubali tungoje jaribio la mwisho wa mwezi. Asipofaulu, anashuka.

Sasa tunafanya hesabu kavu. Navifunika vifungo kwa kitambaa, anahesabu kichwani. Siku nyingine anapatia, siku nyingine anatoa hata asichokuwa nacho. Babu yake anakaa naye akikosea, eti kwa makusudi, ili mtoto amsahihishe. Makusudi yenyewe mimi siyaamini.

Juzi nikampa hesabu ya nyumba. Tulikuwa wanne, toa mama. Nilitaka aseme watatu, tukalale. Akakunja vidole, akavikunjua, akanitazama machoni.

“Wanne, bibi. Mama yuko kazini, hajatolewa.”

Baba yako akainuka kwenda kutengeneza mlango usio na ubovu wowote. Mimi sikumsahihisha. Hiyo moja nimeiacha na kosa lake, na mwalimu asiniulize.

Halafu wewe unataka nitoe mwingine humu ndani? Dada yako nampenda, nyumba yake ina vitabu na zulia, lakini mtoto si kiraka cha kubanduliwa huku na kubandikwa kule. Akifeli, atafelia mezani kwangu, na kesho yake tutaanza na moja. Na kama lazima afundishwe na aliyesoma, aliyesoma ni wewe. Sare zako nilizishona mimi. Likizo ikitoka, njoo ukae na mwanao uone anavyohesabu, uache kunipa amri kutoka mbali.

Msalimie dada yako ukiongea naye, mwambie simkasirikii, nimekataa tu. Msalimie na yule mpishi unayelala naye chumba kimoja, asikuache ufanye kazi bila kula. Baba yako anakusalimu, anasema neno langu ndilo lake. Hana jingine.

Kifungo chekundu utakachokuta kwenye bahasha ni cha Kisulisuli. Alikuwa navyo kumi, nikamwambia atoe kimoja. Akakichagua mwenyewe, akakitia humu, akasema tisa. Safari hii hakuuliza kimekwenda wapi.

Mungu ailinde mikono yako na njia yako ya kurudi.

Wako akupendaye, na asiyekutii,
Mama