Salamu Ndani ya Ambulensi

Akello mjukuu wangu, hujambo huko ugenini? Sisi wazima, babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza, mgonjwa akiwa ndani ya ambulensi, utamwombaje ridhaa ya kuingia kwenye utafiti? Nikiwa nesi kijana, tulimchukua mzee mmoja kutoka mtaa wa Rubaga, kifua kikimbana. Nikaanza kumweleza utafiti wetu. Akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, hata hujanisalimu."

Nikapiga goti, nikamsalimu. Akauliza habari za kwetu, akanipa za kwake na za shamba lake, polepole, mpaka king'ora kikawa kama kinalia ng'ambo ya mji.

"Haya, sasa niulize."

Milango ikafunguka. Tulikuwa tumefika hospitali ya Mulago, wauguzi wa pale wakamchukua.

Swali sikuliuliza. Lakini mpaka leo najua mahindi yake yalikuwa yameanza kubeba.

Bibi yako