Ufunguo Alipewa Juma

Jumamosi, Kyebando

Ufunguo wa gari muuzaji akampa Juma! Mimi ndiye niliyempigia simu, mimi ndiye mwenye pesa, na huyu mdogo wangu hajui hata kuendesha. Nilikwenda naye Bugolobi kuliona gari, anisindikize tu.

"Bosi, lijaribu mwenyewe," yule muuzaji akamwambia. Kisha akanigeukia, Juma ni bosi, mimi ni mama tu: "Nyabo, wewe nitakutafutia kagari kadogo ka kwendea sokoni. Hii turbo itakushinda."

Itanishinda! Mimi ninayeendesha pikapu ya duka kila siku, vitenge vimejaa hadi juu! Nikamnyang'anya Juma ufunguo. Naye, mjinga yule, anacheka.

Na gari lenyewe, Mungu wangu. Nilipokanyaga mafuta lilinibana kwenye kiti, nikasahau hasira zote... Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Lakini mshale wa mafuta ulishuka huku nautazama. Matairi yote manne yamekwisha, na turbo inapiga mluzi ambao sikuupenda. Kulinunua naweza. Kulilisha siwezi, labda nifunge duka. Nimejaribu kujidanganya tangu magharibi, imekataa.

Kwa hiyo ni hapana. Na najua nikimwambia muuzaji atajibu, "Si nilikwambia, nyabo?" Nyumbani nao watasema turbo si ya wanawake. Nimeamua kwa akili yangu mwenyewe, na hakuna hata mmoja atakayeamini.

Simpigii. Akitaka jibu, yeye ampigie Juma. Si ndiye bosi?