Ngamia wa Papa

Bruxelles, tarehe 9 novemba 2011

Yaya wangu mupenzi, kaka Éliézer,

Pokea salamu zangu katika hiki kilio chetu. Bibi yako na batoto beko namna gani? Miye niko. Ninakula, ninaenda kazi, lakini saa ya kwenda kumuona maman hôpital ikifika, ninashika koti, kisha ninakumbuka. Asante kwa bote balilala matanga pale Kasumbalesa.

Yaya, kuna neno lilikataa kutoka mu simu. Ile disque ya wimbo papa aliacha wakati yeye na Bajaponé benzake balifunga mugodi bakarudi kwabo, unaikumbuka: juu ya pochette yake ya karatasi, mwanamuke wa Kijaponé amevaa kama malkia wa Baarabu. Tulikomaa na ule wimbo. Maman alitutafsiria kama papa anasema tumungojee mu ile ile nyumba, atarudi. Ndiyo maana weye ulikataa kuhama, hata nilipokutafutia visa, na kila mwaka unapaka mulango rangi ileile ya bleu, papa asiukose.

Bon, maman alikuja na disque huku. Akiwa tayari hôpital, nikaipeleka kwa mwanafunzi mumoja Mujaponé anayepanga chumba juu yetu hapa Ixelles. Nilitaka maneno kamili, nimusomee maman. Kijana alisikiliza, akacheka kidogo, bila ubaya. Alisema zamani za nyanya yake, baimbaji ba kwabo balipenda sana kuimba inchi za mbali, majangwa, bandari, visiwa, na bengi habakukanyaga huko hata siku moja. Wimbo ni wa ngamia anayebeba binti wa mufalme. Nikamuuliza, na kurudi? Akasema mule hakuna muntu anarudi. Nililia mbele yake, aibu ikanishika.

Nikaenda kwa maman na uongo tayari mu kinywa. Akanikata. Alisema anajua ni ngamia, papa mwenyewe alimuelezea. Lakini weye ulikuwa na miaka sita, kila jioni unauliza papa anasema nini mu wimbo. Alors, angemwambia mutoto kama papa yake amemuachia ngamia? Eh yaya, tulicheka mpaka infirmière anayemutunza akaingia. Kisha maman akalia. Alifikiri utakomaa, utaacha kungoja mwenyewe. Alipoona hauachi, woga wa kukuambia ukamushika.

Alisema papa hakuahidi kitu. Alipanda gari, akapunga mukono, basi.

Usimukasirikie maman, ninakuomba. Alikuwa angali kijana, na batoto babili.

Unisalimie bote ba kwako, na Mungu akae nanyi. Mulango, mwaka huu, upake rangi unayopenda.

Ni miye mudogo wako,
Pétronille