Laptop Ilipolikataa Jina la Mwanangu

Jumapili, mchana. Mvua ya Tarime imegoma kukatika tangu asubuhi, na mimi nimegoma kutoka chumbani.

Naandika kwa jicho moja. La kulia limevimba halifunguki, na nikikohoa mbavu zinanisimulia upya kila kitu. Pale zahanati waliniuliza kama ni ajali ya bodaboda, nikasema ndiyo. Nimechoka kueleza. Nitaeleza hapa mara moja, basi.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa Kasulu. Nilikuja huku kuchimba dhahabu, dhahabu ikanikimbia, nikabaki na laptop. Siku hizi nazunguka minadani, naingiza nyimbo na filamu kwenye simu na memori kadi za watu. Laptop yenyewe niliinunua kwa mtu aliyeitoa Burundi, na kibodi yake ilikuwa ya Kifaransa. Kibodi hizo A imekaa mahali ambapo kwenye hizi za kwetu pana Q, na Z imekaa mahali pa W. Mwanzoni nilihangaika nayo mpaka nikaitukana. Baadaye mikono ikazoea, nikawa siangalii tena.

Kule machimboni watu walikuwa wanaichezea nikitoka, kwa hiyo niliiwekea neno la siri la kuwashia. Nikaweka zawadi. Ndilo jina la binti yangu, yuko Kasulu kwa bibi yake. Kila nikiiwasha naanza na yeye, na kusema kweli kuna siku hiyo ndiyo nafasi pekee ninayompa.

Wiki iliyopita kibodi ilikunywa chai ikafa. Fundi wa hapa mjini akaweka mpya, ya kawaida, ya Kiingereza. Akaingia kwenye mipangilio, akaiambia kompyuta kwamba kibodi imebadilika. Nikaandika mistari kadhaa, herufi zote zikatoka sawasawa. Nikafunga mfuniko bila kuizima, nikaondoka napiga mluzi. Kuizima na kuiwasha upya hakuna aliyekufikiria, si mimi wala yeye.

Jana nikaenda mnada wa ng'ombe, Nyansurura. Chaji iliisha njiani, nikafika ikiwa imezimika kabisa. Nikaomba umeme kwa kinyozi mwenye sola, nikachomeka, nikakaa kwenye kigoda chake kusubiri. Hapo ndipo mtu mmoja aliposimama mbele yangu, akaitazama laptop, akanitazama mimi, akaitazama tena.

Anaitwa Mwita. Jina nililijua baadaye. Ni mlinzi wa shule moja ya huko, na laptop ya shule ilikuwa imeibwa siku ya zamu yake. Nyeusi, kama yangu. Kama za nusu ya dunia.

Hakuniuliza kitu. Alipiga yowe.

Kwa ambaye hajaishi huku, yowe ni la wezi wa ng'ombe. Anayelisikia anakimbia na alichoshika mkononi, maswali baadaye. Asiyekimbia ataulizwa kesho alikuwa wapi. Kwa hiyo walikuja wote, kutoka kwenye mazizi, kutoka kwenye nyama choma, na fimbo zao za kuswagia. Wa kwanza alinipiga kichwani kabla sijasimama. Wa pili alinipiga nikiwa chini, na kuanzia hapo sikuweza kuwatofautisha. Kulikuwa na mabuti, vumbi, na ladha ya damu kwenye meno.

"Ng'ombe wako wapi?" mmoja aliniuliza huku amenikanyaga shingo.

"Ng'ombe gani?"

Kwa jibu hilo walinivunja mbavu. Mtu alikuwa ananiua kwa ajili ya ng'ombe ambao hata hawakuibwa, na nilitamani kucheka.

Kilichosimamisha kipigo ni filimbi. Kamanda wa sungusungu, mtu mfupi mwenye koti la mvua, aliwasukuma akafika katikati. Akaelezwa kwamba mali ni kompyuta. Hakushangaa hata kidogo.

"Ng'ombe akigombaniwa, mwenyewe anamwita na ng'ombe anakuja," akasema. "Sasa wewe kijana, mura, mwite wa kwako. Akikataa, mimi naondoka hapa, sitaona kitu."

Tairi lilikuwa limeshaletwa. Liliviringishwa toka kwa mafundi wa pikipiki, likalazwa karibu na miguu yangu. Harufu ya petroli niliisikia kabla sijaona chupa.

Nikaiwasha. Ikaniuliza neno la siri. Nikaona nisikosee, nikazisoma herufi kwenye vitufe vipya moja moja. Z. A. W. A. D. I. Skrini inaonyesha nyota tu, huoni ulichoandika.

Ikakataa.

"Umeandika nini?" kamanda akauliza.

"Jina la mtoto wangu."

"Baba gani huyu hajui jina la mtoto wake?" akasema mama mmoja muuza uji, na watu wakacheka. Nimepigwa sana jana, lakini kicheko kile bado kinaniuma peke yake.

Nikarudia polepole zaidi. Ikakataa, nikala fimbo ya mgongo. Mara ya tatu ikakataa ikajifunga, na mtu akanipiga ngumi kwenye jicho hili. Paji la uso lilikuwa limeshapasuka, damu ikajaa jicho la pili. Nikamwomba kamanda aniruhusu niizime niiwashe tena.

"Ya mwisho," akasema. Nilisikia kizibo cha chupa kinafunguliwa.

Sikuona kitu. Nilipapasa mpaka nikakipata kitufe cha kuwashia, nikasubiri ule mlio wake, nikaweka mikono kwenye kibodi nikaandika kama nilivyokuwa naandika machimboni gizani, bila kufikiri. Nikabonyeza. Halafu nikasikia yule mama muuza uji anasema, "Kumbe mwanawe."

Nikafuta damu jichoni. Picha ya Zawadi ilikuwa imejaa skrini nzima, na sare ya shule, meno mawili ya mbele hana, anacheka.

Leo nimekaa nayo nikaelewa. Neno la kuwashia linaulizwa mlangoni, kabla kompyuta haijaamka. Alichobadilisha fundi kilikuwa ndani. Pale mlangoni mashine bado iliamini ina kibodi ile ya Kifaransa, kwa hiyo kila nilipobonyeza palipoandikwa A, yenyewe ilipokea Q. Nilipopofuka, vidole vikaenda mahali pa zamani. Ningekuwa naona vizuri jana, sasa hivi ningekuwa majivu.

Ningeweza kuishia hapo. Mtu anayesoma angenionea huruma, angefunga.

Hakuna aliyeniomba radhi. Kamanda alimgeukia Mwita, akasema amepiga yowe la uongo na angeua mtu. Akachukua fimbo kwa mchunga mmoja, akanipa mimi. "Mrudishie. Tatu, yaishe."

Mwita hakukimbia. Alipiga magoti mwenyewe. "Kaka, mwalimu mkuu alisema nisirudi bila ile kompyuta," akasema. "Mimi nilidhani ni yenyewe."

Nilimsikia. Nataka hili liandikwe vizuri: nilimsikia, na nilimwelewa.

Nikampiga. Zile tatu zilipita sikuzihisi. Kamanda akasema inatosha, sikuacha. Alifunika kichwa kwa mikono, nikaipiga mikono, na nikasikia kidole kinavunjika. Sauti ile ilinifurahisha. Mbavu zangu hazikuuma kabisa wakati ule, nilikuwa mzima, nilikuwa na nguvu ambazo dhahabu haijawahi kunipa. Nilitaka awe yule mama wa uji, awe aliyenikanyaga shingo, awe wote, na kwa kuwa walikuwa wengi nikamlipisha mmoja. Watu wale wale waliotaka kunichoma walikuwa wananishangilia.

Laptop ilikuwa wazi pale kwenye kigoda, mtoto anacheka, anatutazama.

Kinyozi ndiye aliyekuja akafunga mfuniko. Baada ya hapo nikaiangusha fimbo.

Asubuhi ya leo nimebadilisha neno la siri. Nimechagua herufi ambazo hazihami, ziko mahali pale pale kwenye kibodi ya Kifaransa na ya Kiingereza. Namba nimeziepuka, maana kwenye zile za Kifaransa mpaka ushikilie kitufe kingine. Nimezima nikawasha, nikachomeka kibodi ya nje ya jirani, nikazima nikawasha tena. Inakubali kila mara. Ukiniuliza kazi, kazi imeisha.

Lakini sikulitoa jina lake kwa sababu ya kibodi. Ningeweza kubandika vikaratasi kwenye vitufe vinne, nikabaki nalo. Nililiandika mara moja tu, nikiangalia vidole vyangu, na sikupenda jina hilo lipite kwenye vidole hivi kila asubuhi.

Jumapili jioni huwa anapiga kwa simu ya bibi yake. Ataniamkia, kisha ataniuliza mnada ulikuwaje, maana ndivyo anavyouliza siku zote. Nitamwambia baba alipigwa, bahati mbaya, anaendelea vizuri. Hilo ni jepesi.

La Mwita nitaanzia wapi?